Maji ya Kunde

Agosti, Mabela. Bomba la baridi linatoa maji ya moto:
tangi liko juu ya paa na jua halina simile.
Bomba la moto, ambalo hita yake nimeizima tangu Mei,
ndilo lenye baridi.
Nyumba nzima imeshazoea kinyume.

Nachanganya la huku na la kule
mpaka kipimajoto kiseme thelathini na tano.
Taulo chini ya mlango. Karatasi ya fedha dirishani.
Mashine ya kukuzia imekaa juu ya mashine ya kufulia,
riali kumi na tano, siku studio yetu ya Ruwi ilipofungwa
na Bwana Kurian akaizongazonga shuka
kama maiti anayerudishwa kwao Kerala.

"Nyeusi na nyeupe ina huruma," alizoea kusema,
"inakuachia taa nyekundu. Rangi haina huruma."

Giza totoro, basi.
Naigusisha karatasi mdomoni, huku na huku:
upande unaonata ndio wenye macho.

Ndani ya filamu Mama amesimama Wadi Kabir,
meno meusi, uso wa kibuluu,
kajifunga kanga ambayo hakuna anayeikumbuka.
Shangazi Shawana, kwenye simu: Damu ya mzee!
Mimi ndiye niliyemnunulia.
Bi Ghanima: Zambarau, wallahi, na haikumaliza wiki.
Wanachokubaliana ni kimoja tu.
Mama yako alikuwa mweupe. Mweupe pee.

Mwanga, sekunde kumi. Dawa, arobaini na tano,
nazihesabu kwa sauti kama mtoto kwenye kibe,
huku trei inapiga mawimbi ambayo siyaoni.

Ya kwanza ikatoka nyekundu, mgonjwa wa homa.
Ongeza kichungi chekundu, wekundu utapungua:
dawa ya moto ni moto, na Kurian hakuijua methali hiyo
ila aliishi nayo miaka ishirini na sita.
Ya pili bado.
Ya tatu kijani, mtu aliyekula muhogo mchungu.
Ya nne sitaisema.

Nimekaa juu ya ndoo, jasho linanitiririka mgongoni.
Ndipo nikauona, nyuma ya bega lake,
mlango wa teksi.

Chungwa na nyeupe. Ziko nje hapa, sasa hivi,
mbele ya duka la mikate, mbili.
Hii haimhitaji shangazi.

Nikamwacha Mama. Usiku kucha nikapika mlango wa gari:
manjano nukta tatu, rudisha moja,
nyeupe iwe nyeupe, chungwa liwe chungwa.
Alfajiri nikaikausha kwa mashine ya nywele,
maana picha mbichi ni mwongo, inajitia ubuluu.

Kanga si damu ya mzee. Si zambarau.
Ni kijani, kijani kizito cha majani ya mkunazi,
na pindo jeusi.

Na uso
ni maji ya kunde.
Nimeishika picha pembeni, na dole gumba langu
limekaa karibu na shavu lake
hata sikujua wapi ngozi moja inakoma.

Nikawatumia wote wawili. Bi Ghanima kimya.
Shawana akapiga kabla sijavua glavu:
Umemtia weusi mwenzio! Itengeneze tena.

Naijua njia. Studio tuliifanya kila wiki,
bibi harusi, cheti, pasipoti:
sekunde mbili zipungue, nukta tano za kichungi,
na mteja anatoka anacheka.
Nimeweka mkono kwenye kifundo.
Lakini nikimng'arisha yeye
teksi inakuwa ya nchi nyingine.

"Shangazi," nikamwambia, "dawa imekwisha."
Haikuwa imekwisha. Ilikuwa beseni zima,
vuguvugu, inakwenda ikibadilika rangi
polepole, kama chai iliyosahauliwa.